Mbiu Ikilia Ndani ya Damu: Maswali Yenu Kuhusu Wiki za Kwanza za VVU

Mwezi huu barua zenu nyingi zimegusa kitu kimoja, zile wiki nne tano za mwanzo baada ya virusi kuingia, kabla mtu hajajua na mara nyingi kabla hata kipimo hakijajua. Nimefurahi, maana hapo ndo penye mambo na ndo pasipozungumzwa. Kwa wapya: mimi si daktari, ni mtu wa maabara, nimehesabu CD4 za watu, zile seli za kinga kwenye damu, kwa miaka mingi. Nimechagua barua sita. Moja nilishaijibu kwa simu siku ileile, sababu mtaiona mkifika huko chini.

Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 24 niko Mbeya. Wiki tatu zilizopita nililala na mtu bila kinga alafu baadae ndo nikasikia anatumia dawa na ameziacha. Siku kama ya 12 nikapata homa, koo linauma, tezi zimevimba shingoni na kwapani, vipele kifuani, malaria nikapima hamna. Siku ya 15 nikapima ngoma kile cha kutoboa kidole nikaambiwa sina. Saivi homa imeisha nimepona kabisa. Rafiki yangu anasema kinga yangu ina nguvu imeshaua virusi. Inawezekana?

Marahaba mwanangu. Nakujibu moja kwa moja kwanza, maelezo baadae: kipimo cha siku ya 15 hakijakwambia chochote, wala homa kuisha hakujakwambia chochote. Inawezekana huna kabisa na ilikuwa homa nyingine tu, mafua ya nguvu na magonjwa mengine yanaleta dalili hizohizo. Inawezekana pia unao. Rafiki yako amekosea kwenye neno moja tu, neno "imeua".

Huko huko kwenu Mbeya, pamoja na Kericho, Kampala na Thailand, ulifanyika utafiti unaitwa RV217, majibu yake yakatoka 2016. Walichukua watu 2,276 ambao hawakuwa na virusi ila maisha yao yaliwaweka kwenye hatari, wakawa wanawatoboa kidole mara mbili kwa wiki, wiki nenda wiki rudi, ili yule atakayeambukizwa wamkamate palepale siku za kwanza kabisa. Fikiria uvumilivu wa hao watu, mara mbili kila wiki! Kwa sababu yao leo tunajua siku kwa siku kinachotokea ndani ya mwili wa Mwafrika wa Mashariki, hatubahatishi.

Kinachotokea ni hiki. Siku kama 10 za mwanzo virusi havionekani kwenye damu kwa mashine yoyote, vipo pale vilipoingilia na kwenye tezi za jirani vinazaliana kimyakimya. Alafu vinamwagika kwenye damu. Tangu siku vinapoonekana kwa mara ya kwanza mpaka vifike kileleni ni kama siku 13, na hicho kilele ni karibu milioni 5 kwenye mililita moja ya damu, yaani kijiko cha chai ni mililita 5, piga hesabu mwenyewe. Siku ya 14 hivi tangu vionekane ndo kingamwili, yaani protini ambazo mwili unatengeneza kupambana na kirusi, zinaanza kuonekana, na kile kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, hakitafuti kirusi. Sasa ukijumlisha zile siku 10 za kimya na hizi 14 unapata wiki tatu na zaidi, wewe ulipima siku ya 15. Umeelewa kwa nini nasema hakijakwambia kitu.

Kingine walichokiona, na hiki ndo kinagusa hoja ya rafiki yako: ikifika kama siku ya 31 tangu vionekane, virusi vimeshuka vyenyewe, bila kidonge hata kimoja, kutoka milioni karibu 5 mpaka kama 20,000. Homa inaisha, vipele vinakauka, mtu anarudi kazini. Nani kashusha? Kwa sehemu kubwa ni seli T, yaani seli za kinga za mwili wako mwenyewe. Kwaiyo kinga inapigana kweli kweli, na kuna watu wengi walipata dalili moja mbili tu wakapita bila hata kulala kitandani. Lakini 20,000 si sifuri. Inashuka mpaka hapo inakaa, na inakaa miaka.

Kwaiyo nenda kesho, usisubiri gazeti lijalo. Wape tarehe zote mbili, ya tukio na ya homa, uliza kama wanaweza kukupima kirusi chenyewe au kile kipimo kinachotafuta antijeni ya p24, kipande cha kirusi chenyewe, pamoja na kingamwili, hicho kinawahi zaidi kidogo. Kama pale hamna basi pima cha kidole tena wiki ya 6 na tena ikitimia miezi mitatu. Katikati hapo kondomu bila mjadala na usichangie damu, maana kama unavyo basi hizi wiki ndo damu yako ina virusi vingi kuliko kipindi kingine chochote.

Naomba nisaidiwe mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili Dodoma. Tunafundishwa CD4 ni askari wa mwili na VVU inaua askari. Sasa kama askari wanauawa ni nani anayepunguza virusi wiki za mwanzo? Na kama anaweza kupunguza kwa nini asimalize? Mwalimu alisema tutafika huko ila hatujafika.

Mdogo wangu, hili swali nimelisoma mara tatu, ni swali la mtu atakayekuwa nesi mzuri sana.

Hilo neno askari tunalitumia kliniki zote na linasaidia mgonjwa kuelewa haraka, ila limechanganya watu wawili tofauti. Seli T zote zinakomaa kwenye tezi ya thaimasi, ipo kifuani nyuma ya mfupa wa katikati, ndo hiyo T. Zikitoka pale kuna zenye alama ya CD4 na zenye alama ya CD8. Muuaji ni CD8. Yeye ndo anaikamata seli iliyoingiliwa na kirusi, anaitoboa na kuiingizia sumu inayoiamuru ijiue. CD4 yeye kazi yake kubwa ni kupiga mbiu, na sisi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: akipiga, CD8 zinaamka na kuzaliana, seli B zinaanza kutengeneza kingamwili nzuri, mtaa mzima unatoka nje. Bila mpiga mbiu wauaji wapo ila wanalegea.

Ubaya wa VVU ndo huu, kirusi kinaingia kwa yule yule mpiga mbiu. Na kinampenda zaidi akiwa ameamka, kwa sababu seli iliyolala haina malighafi za kutosha za kukizalisha. Kwaiyo kila mbiu ikilia CD4 nyingi zaidi zinaamka na kukusanyika pale penye ugomvi, na kila inayokuja ni nyumba mpya ya kirusi. Tena 2014 walionesha kwamba CD4 nyingi zinazokufa kwenye tezi hata hazijawahi kuzalisha kirusi kimoja, kirusi kinaingia, kazi inakwama katikati, seli inagundua kuna kitu kigeni inajilipua, na inapojilipua inamwaga kemikali za uvimbe zinazoita seli nyingine zije. Yaani kifo chenyewe kinakuwa mbiu. Niliposoma hilo niliinuka kwenye kiti nikatembea kidogo.

Sasa wauaji. Kwamba ni CD8 zinazokishika kirusi tumelijua kwa uhakika kutoka kwa nyani mwaka 1999, walichukua nyani wenye SIV, hiyo ni ndugu ya VVU, wakawaondolea CD8 kwa dawa maalum, virusi vikapanda ghafla, CD8 ziliporudi vikashuka. Lakini kwa binadamu tulikuwa hatujawahi kuziona zikiamka tangu sekunde ya kwanza, maana mtu anakuja kupima tayari ni miezi au miaka.

Mradi uliofungua macho uko Umlazi, Durban, unaitwa FRESH, ulianza 2012. Wanawake wa miaka 18 mpaka 23 walikuwa wanakuja mara mbili kwa wiki kwenye mafunzo ya stadi za maisha na kompyuta, kujiandaa na ajira, na siku hizohizo wanapimwa kirusi chenyewe kwenye damu. Mmoja wa viongozi wake ni Mkenya, Profesa Thumbi Ndung'u, ambaye alianza na udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, kwaiyo wewe uliyeko Dodoma usijione uko mbali na hizi habari. Waliomkuta na virusi walimkuta bado vinapanda. Na walichokiona kwenye CD8 ni mlipuko, zinaamka kwa wingi wa ajabu ndani ya siku chache, na nyingi ya zilizoamka zilikuwa zinamlenga kirusi huyohuyo, si kelele tu. Waliokuwa na mwamko wa haraka na mkubwa zaidi ndo virusi vyao vilitulia kwenye kiwango cha chini zaidi baadae, na hicho kiwango kina maana kubwa, kinatabiri mtu asiye na dawa ataanza kuumwa mapema au atachelewa.

Alafu sasa ndo jibu la "kwa nini asimalize", na si jibu moja.

La kwanza, zile CD8 zenyewe zilikuwa zimebeba kifo chao. Zilikosa protini inaitwa Bcl-2 kwa kiasi cha kutosha, hiyo ndo inaizuia seli isijiue, na zilikosa kipokezi cha ujumbe wa IL-7 unaoambia seli "kaa, utahitajika baadae". Nyingi zilipiga kazi zikafa, kumbukumbu iliyobaki ikawa dhaifu.

La pili, kirusi kinajinakili kwa makosa mengi. Kwenye maambukizi ya mwanamke na mwanaume mara nyingi, kama wanne kwa watano, anayeanzisha yote ni kirusi kimoja tu kilichopenya, kwaiyo mwanzoni wote wanafanana na CD8 inawajua. Inawajua kwa kipande kidogo cha protini kinachobandikwa nje ya seli, kama wewe unavyolijua daladala kwa rangi ya mstari ubavuni. Ndani ya wiki chache vinatokea virusi vyenye mstari wa rangi nyingine, CD8 iko kituoni inasubiri, daladala linapita mbele yake hailisimamishi.

La tatu ndo gumu kuliko yote, virusi vingine vinajiandika ndani ya jenetiki za CD4 za kumbukumbu, zile zinazokaa zikikumbuka adui wa zamani, na kulala. Seli iliyolala haibandiki kitu nje. CD8 haiwezi kuua isichokiona, na dawa zetu za ARV haziwezi kuzuia uzazi ambao haufanyiki. Nyani waliopewa dawa siku ya tatu tu baada ya kuambukizwa, kabla kirusi hakijaonekana kwenye damu kabisa, walipoachishwa miezi kadhaa baadae kirusi kilirudi. Siku ya tatu! Ukikaa na hilo unaelewa kwa nini watu wanaotafuta tiba ya kumaliza wana kazi.

Na mwisho ni kuchoka. Vita isiyoisha inaziweka CD8 alama inaitwa PD-1, kama breki, seli ipo unaihesabu ila nguvu imekwisha. Mwaka 2006 hilo lilioneshwa kwa wagonjwa wa hukohuko Durban.

Kitu kimoja cha kukutia moyo kabla sijakuachia usome: pale FRESH baadae walianza kuwapa wanawake dawa siku moja mbili tu baada ya kuwakuta na virusi. CD8 zao hazikulipuka kwa wingi kama za wenzao, ila zilikuwa na ubora, zinaishi, zinafanya kazi. Kwaiyo dawa ya mapema haiinyimi kinga mazoezi kama wengine walivyohofia. Inaikinga isife ikiwa bado inajifunza.

Habari yako madam. Mimi ni dereva wa trela, nyumbani ni Kericho lakini sana sana niko barabarani Mombasa na Malaba. Nilipimwa mwezi wa nne nikapatikana niko nayo, CD4 ni 780. Pale CCC, kliniki ya VVU, walitaka nianze dawa siku hiyo hiyo lakini mimi najiskia poa tu, na mjomba yangu mwenye ako na hii kitu tangu 2011 aliambiwa angoje mpaka ishuke chini ya 350. Sasa mbona mimi niharakishwe? Ama ni biashara ya dawa?

Salama kaka, pole na barabara. Mjomba wako hakudanganywa, ndivyo mwongozo ulivyokuwa. Naujua kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nilikuwa naandika 612, naandika 480, karatasi inaenda kwa daktari, mtu anaambiwa hongera kinga yako iko juu, rudi baada ya miezi sita. Anatoka anatabasamu. Wengine hawakurudi baada ya miezi sita, walirudi baada ya miaka wamebebwa. Nawakumbuka kwa sura. Hatukujua, na dawa zilikuwa chache na kali, ila mimi bado lile tabasamu linaniuma na ndo maana nakuandikia hivi kwa kirefu.

Hiyo 780 ni namba ya kweli ila ni ya damu tu. Damu ina sehemu ndogo mno ya seli T za mwili mzima, kama 2 kwa 100. Nyingi ziko kwenye tezi na kwenye ukuta wa utumbo. Na utumbo ndo unaopigwa kwanza, ndani ya wiki za mwanzo zile CD4 za kumbukumbu za utumboni zinapukutika kwa kiasi ambacho hesabu ya damu haikuoneshi hata robo. Ukuta ukidhoofika vipande vya bakteria wa tumboni vinavuja kwenye damu, kinga inabaki imeamka usiku na mchana, na kinga iliyoamka muda wote inachosha moyo, figo na mishipa. Wewe unajiskia poa, naamini. Trela nalo linaweza kutembea vizuri tu na oili imeanza kupungua.

Swali lako la kwa nini uharakishwe lilipimwa rasmi. Utafiti unaitwa START, watu 4,685 kwenye nchi 35 Uganda ikiwemo, wote walikuwa na CD4 zaidi ya 500 kama wewe. Nusu wakaanza dawa palepale, nusu wakasubiri mpaka ishuke 350. Mwaka 2015 wakausitisha mapema kabla ya muda, kwa sababu walioanza mara moja magonjwa makubwa na vifo vilikuwa vimepungua kwa 57 kwa 100, isingekuwa haki kuwaacha wengine wanasubiri. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo, 2016 Kenya na Tanzania zikafuata, kupima na kuanza.

Kaka, anza. Waeleze CCC kazi yako wakupe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, madereva wengi wanafanya hivyo. Na virusi vikifubaa mpaka visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, humwambukizi mwenzio kwa njia ya ngono. Na mjomba, kama kwa bahati mbaya bado anangoja, mwambie kungoja kuliisha.

Anti mlonge na juisi ya rozela vinapandisha CD4? Mama K, Tabata

Mama K, kula mlonge, ni mboga nzuri, ina vitamini na watoto wakila wanapata faida. Rozela kunywa ukipenda. Ila hamna jani linalozuia kirusi kujinakili ndani ya CD4, na CD4 zinapanda zikiachiwa nafasi ya kupumua, hiyo nafasi inatolewa na ARV. Mtu asibadilishe kimoja kwa kingine. Na mganga anayekwambia uache vidonge siku 21 ili dawa yake ifanye kazi, muage hapohapo.

Assalam alaykum. Nipo Mombasa, natumia dawa mwaka wa saba, virusi havionekani. Nimesikia kuna watu mwili wao wazuia virusi bila dawa, na kuna wanawake Afrika Kusini waliacha dawa na hawakurudiwa. Nami naweza kujaribu kuacha nione kama mimi ni katika wao?

Waalaykum salam dada yangu. Usijaribu. Nitakueleza kwa nini, ila neno langu ni hilo na nalisema kwa mapenzi.

Hao watu wapo kweli, ni chini ya mmoja kwa kila 100. Wengi wao wamezaliwa na aina fulani za jenetiki, mashuhuri ni HLA-B*57 na HLA-B*27, zinazoifanya CD8 ikishike kirusi pale pasipoweza kubadilika. Unakumbuka mstari wa daladala? Kwa hawa CD8 haiangalii rangi, inaangalia ekseli, na daladala likibadilisha ekseli halitembei vizuri. Lakini huwezi kujua ni mmoja wao kwa kuacha dawa, kwa sababu ukishakuwa si mmoja wao utajua virusi vikiwa vimeshapanda na vimeshajaza upya maghala yao, zile seli vinamolala. Na hata hao wenyewe kinga yao huwa imeamka kupita kiasi, siku hizi nao wanashauriwa dawa.

Kuacha na kurudia kulipimwa pia. Utafiti unaitwa SMART, watu 5,472, upande mmoja wanameza mfululizo, upande wa pili wanaacha CD4 zikiwa juu na kurudia zikishuka. Ulisitishwa 2006 kwa sababu wale wa kuacha-acha waliugua na kufa zaidi. Na yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na virusi, alianzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa, baadae akakaa miezi 27 bila dawa na kirusi hakionekani, dunia nzima ikashangilia, mwaka 2014 kikarudi. Nililia siku ile.

Habari ya wanawake wa Afrika Kusini ni ya kweli na ni wale wale wa Umlazi. Walikuwa 20, walikuwa wameanza dawa mapema mno, siku zile za mwanzo kabisa ambazo CD8 zao zilikuwa hazijaharibika. Wakapewa kingamwili mbili za maabara pamoja na dawa ya kuiamsha kinga, ndo wakaachishwa ARV huku wanapimwa mara kwa mara. Wanne walifika mwisho wa utafiti, wiki ya 55, bila kurudishiwa dawa. Kwangu mimi hao wanne ni habari kubwa na nataka uifurahie, ni wanawake wa Kiafrika wametangulia. Ila kwa wengi wa hao 20 virusi vilirudi, na vilikamatwa haraka kwa sababu kuna mtu alikuwa anawapima. Wewe ukiacha nyumbani kwako nani atakupima juma lijalo? Meza chako cha leo, dada.

Anti nisaidie haraka. Kondomu imepasuka ijumaa usiku na mwenzangu ndo ananiambia sasa hivi kwamba ana virusi na hajaanza dawa. Leo jumapili mchana, kituo cha afya cha hapa kitengo hicho kimefungwa wanasema njoo jumatatu. Nisubiri?

Huyu ndo niliyempigia. Nilimwambia asisubiri hata saa moja, panda bodaboda nenda hospitali kubwa, mapokezi ya dharura, sema neno PEP kwa sauti, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuwa kwenye hatari, kitengo cha dharura kinafanya kazi jumapili. Naichapa hapa kwa ajili ya wengine watakaoambiwa njoo jumatatu.

Hesabu ni saa 72. Sababu ni zile siku za kimya nilizomweleza binti wa Mbeya, kirusi kikiwa bado kiko pale kilipoingilia kinatafuta CD4 za kuanzia, kabla hakijapanda kwenye tezi na kulala ndani ya seli za kumbukumbu. Hapo dawa inaweza kukiziba. Mwaka 1998 walijaribu kwa nyani na dawa ya tenofovir: walioanzishiwa ndani ya saa 24 na wakapewa siku zote 28, wote walikingwa. Waliocheleweshwa mpaka saa 48 au 72 baadhi tu ndo walikingwa, na waliowahi ila wakapewa siku 3 badala ya 28 hawakukingwa. Kwaiyo 72 ni mwisho wa mlango, mlango unaanza kufungwa tangu saa ya kwanza, na 28 ni 28 hata kama kichefuchefu kinakusumbua wiki ya pili.

Saa mbili kasoro usiku akanitumia ujumbe, amekaa kwenye benchi la nje ya dirisha la dawa, cha kwanza ameshameza, amepewa na kikopo cha vilivyobaki. Ilikuwa saa ya 46. Nikamwambia aweke alamu ya simu saa hiyohiyo, mara 27.